Jinsi nilivyopata buti za mjengo zisizoniumiza

Tope jeusi la Kisumu halina huruma. Linanata, linavuta soli, na buti iliyobandikwa kwa gundi pekee huachama kabla kuta hazijafika dirishani. Zangu ziliachama hivyo, na chuma cha mbele kilinibana hadi ukucha wa kidole gumba ukawa mweusi.

Nilienda soko la Kibuye jioni baada ya kazi, miguu imevimba, nikiwa na soksi zangu nzito za kazini. Mguu wa asubuhi hudanganya. Nilivaa buti zote mbili, nikafunga kamba, nikachuchumaa: vidole havikugusa chuma, kisigino hakikupanda. Kisha nikasoma alama iliyoandikwa kwenye ulimi: S3, yaani chuma cha mbele cha kuhimili pigo la jouli 200 (kipimo cha nguvu ya pigo), soli isiyotobolewa na msumari, na ngozi inayokawia kupitisha maji. Hapo ndipo nikaanza kuzungumza bei.

Kabla ya kuzivaa mjengoni, nilimpelekea fundi viatu azishone soli pembeni kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta. Hazijaachama tena, na sichechemei. Zikilowa, natoa soli ya ndani na kuzianika kivulini. Ukizikausha karibu na jiko, ngozi inakakamaa na kupasuka pale inapokunjwa.