Gari linatangatanga baada ya alaimenti: angalia bushi za loa amu

Kama gari lako limetoka kwenye alaimenti (kupimwa na kurekebishwa mwelekeo wa matairi), mashine inaonyesha vipimo viko sawa, lakini barabarani bado linatangatanga, soma hapa kuhusu bushi za loa amu, yaani mipira inayoshikilia mkono wa chuma wa chini wa gurudumu, kabla hujanunua reki ya usukani (mtambo unaogeuza magurudumu).

Langu lilisumbua sana kati ya Chalinze na Morogoro. Likifika kilomita 80 kwa saa linavuta kushoto, ukilirudisha linapitiliza kulia. Lori likipita ndiyo kabisa. Tulisawazisha upepo, tukahamisha matairi ya mbele nyuma, tukarudia alaimenti. Tairodi, vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu, tulizitikisa gari likiwa juu ya jeki: hazichezi hata kidogo.

Fundi mwingine alikataa kulinyanyua. Alitaka uzito ubaki kwenye magurudumu. Nikakanyaga breki barabara, nikaingiza gia ya D (mbele) kisha R (nyuma) taratibu, yeye kasimama pembeni anatazama nafasi iliyopo kati ya tairi na bodi. Tairi la kushoto likasogea mbele na nyuma, waziwazi! Bushi ya nyuma ya loa amu ilikuwa imechanika mpira. Kwenye mashine gari limetulia, ndiyo maana vipimo vinakubali. Likitembea, amu inahama na tairi linabadili mwelekeo.

Tulibadilisha bushi pande zote mbili. Hapa naomba uzingatie: bolti zake zikazwe kabisa gari likiwa limekanyaga chini. Ukizikaza likiwa linaning'inia kwenye jeki, mpira unabaki umejinyonga na utachanika mapema. Baada ya hapo tukafanya alaimenti upya, gari likanyooka.