Ijumaa yangu bekari, Brooklyn

Saa tisa usiku nishafika Borough Park, mtaa wa Brooklyn hapa New York, baridi ya Desemba inauma masikio. Bekari ni ya Wayahudi Wahasidi, wale washika dini sana, na mimi mtoto wa Mombasa ndo msukaji wa mikate. Oveni siwashi, hiyo lazima mkono wa Myahudi, namsubiri msimamizi wa kosher, yaani sheria zao za chakula.

Saa kumi, mayai. Tunavunja moja moja kwenye glasi tunaangalia chini ya taa, ukiona kitone cha damu yai zima linatupwa, na Ijumaa mayai ni mengi mno maana mkate wa Sabato, challah (hiyo ch itamke kama kh ya kheri), unataka mayai, mafuta na sukari. Maziwa na siagi hapana, mkate utaliwa na nyama, na nyama na maziwa kwao havikutani.

Kumi na moja alfajiri kinyunya kishaumuka. Kabla hakijakatwa msimamizi anamega kidonge, anasoma dua, anakifunga kwenye foili kinaenda kuchomwa, hakiliwi na mtu. Sote tunanyamaza. Naipenda sana dakika ile. Halafu nasuka nyuzi sita, wa pembeni unaruka juu ya miwili unapita chini ya mmoja unaruka juu ya miwili tena, na mikono yangu ilijua kusuka nywele tangu utotoni kwa hiyo haikuchukua muda kujifunza.

Saa moja asubuhi foleni imefika nje. Kila nyumba inachukua angalau miwili, ukumbusho wa mana ile Waisraeli waliyookota maradufu siku ya Ijumaa.

Saa nne napumzika na mzee mmoja mteja wetu, ana gazeti la Kiyidi. Kiyidi ni lugha ya nyumbani ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, kinafanana na Kijerumani ila kinaandikwa kwa herufi za Kiebrania, kutoka kulia. Nikamwambia, mzee wangu, babu yangu barua zake zote za Kiswahili aliandika kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia vilevile! Akakunja gazeti akanisimulia habari za Forverts, gazeti la Kiyidi lililoanza hapahapa New York 1897, na kuanzia 1906 likawa na ukurasa wa barua za wasomaji, Bintel Brief, yaani furushi la barua, wahamiaji wakiuliza mambo ya ndoa, kazi, watoto wanaosahau lugha. Kuchapwa kwenye karatasi kuliisha 2019, sasa liko mtandaoni tu.

Hiyo ya watoto kusahau lugha ilinikaa moyoni mpaka tunafunga saa nane mchana.

Saa kumi na dakika kumi hivi jioni king'ora kinalia mtaa mzima, dakika 18 kabla ya jua kuzama, Sabato inaingia, kina mama wanawasha mishumaa, maduka kimya. Niko stesheni na mkate wangu kifuani bado una joto. Mombasa ni saa sita usiku, nimemtumia mama voisi, akiamka anifungulie sanduku la babu anipigie picha zile barua, zote, hata zilizoliwa na mchwa.