Kangaga dogo lilivyonistawia kivulini, kati ya mawe

Nimechoka kuambiwa kwamba makangaga yote ni mimea ya kinamasi. Karibu kila niliyemuuliza namna ya kuipamba pembe ya bustani yangu isiyopata jua alinipa maelekezo yale yale: nichimbe shimo, nilijaze samadi, nipande, kisha nimwagilie asubuhi na jioni. Makangaga makubwa ya msituni huenda yakavumilia matunzo hayo, lakini kangaga nililolitaka mimi, ambalo wataalamu wa mimea huliita Asplenium trichomanes, haliyawezi kabisa. Hili ni kangaga dogo, ambalo majani yake kwa kawaida huwa na urefu wa sentimita 10 hadi 20, na kila jani lina bua jembamba, jeusi na linalong'aa, lililopambwa pande zote mbili kwa vijani vya mviringo. Hubaki la kijani mwaka mzima.

Mche wa kwanza niliupanda kama nilivyoelekezwa, nao ukaozea pale katikati majani yanapochipukia. Nilipouliza sababu, niliambiwa niongeze maji! Tangu hapo niliacha kuwasikiliza watu, nikazingatia mahali mmea huu unapojiotea wenyewe: katika nyufa za miamba na za kuta kuukuu za mawe, upande wenye kivuli, ambako udongo ni haba na maji hupita bila kutuama. Ile aina yake ndogo inayoitwa quadrivalens hupenda hasa mawe na kuta zenye chokaa. Mmea wa namna hiyo ukiuzika katika samadi yenye majimaji, umeunyima kila ulichozoea.

Kwa hiyo nilijenga ukuta mfupi wa mawe usio na saruji, nikitumia mawe yaliyokuwapo, hivyo gharama haikuwa ya kutajwa. Siri yake ni kupanda huku unajenga. Ukisubiri ukuta ukamilike ndipo uanze kusokomeza miche katika nyufa, mizizi itakunjika na kukatika. Mimi nililaza jiwe, nikautandaza mche juu yake kwa ubavu, majani yakitazama nje na mizizi ikielekea ndani, nikaifunika mizizi kwa mchanganyiko wa changarawe, mboji ya majani na vipande vya lipu kuukuu ya chokaa, kisha nikalaza jiwe jingine juu. Mawe yote niliyainamisha kidogo kwa nyuma, ili mvua iingie hadi kwenye mizizi, na kwa kuwa mche umelala ubavu, maji hayawezi kutuama pale katikati panapooza.

Miche ya kununua haikutosha ukuta mzima, na hapo ndipo ilipoanza kazi ninayojivunia kuliko zote. Makangaga hayana mbegu. Huzaana kwa spora, yaani chembe ndogo kama vumbi, ambazo katika kangaga hili hukaa chini ya jani katika vistari vifupi vya kahawia. Nilikata jani lililokomaa, nikalilaza juu ya karatasi nyeupe mahali pasipo na upepo, likaacha vumbi laini la kahawia. Nikachukua tofali la udongo wa kuchoma, nikalichemsha ili kuua kuvu na spora za kuvumwani, nikalisimamisha katika beseni lenye maji kidogo yaliyochemshwa na kupoa, nikalinyunyizia vumbi lile kwa uchache sana, kisha nikalifunika kwa plastiki angavu na kuliweka penye mwanga usio na jua kali. Wiki zilipita bila dalili yoyote, nami nilikatazwa na kila aliyeliona nisipoteze muda. Hatimaye tofali likapata utando wa kijani, na utando huo ukawa vijani bapa vyenye umbo la moyo, vya milimita chache tu. Katika hatua hii wengi hukata tamaa, kwa kuwa vijani hivyo havifanani na kangaga hata kidogo. Inafaa kuvinyunyizia maji laini mara kwa mara, kwani chembe za kiume huogelea katika maji hadi kulifikia yai, na pasipo unyevu huo hakuna kangaga litakalozaliwa. Vyangu vilitoa majani ya kweli, madogo sana, nami nikavibandua taratibu kwa ncha ya kijiti na kuvilea kwenye vyungu hadi vilipoweza kuhimili ukutani.

Sasa nyufa nyingi zimejaa, na mengine yamejiotea bila msaada wangu. Kiangazi kikizidi mimi huulowesha ukuta kutoka juu, na usiku huwaokota konokono, kwa sababu wao hupenda machipukizi. Majani yaliyokauka yakatwe kabla mapya hayajajikunjua, kwani baadaye mkasi haupiti bila kuyajeruhi.