Kona Iliyofunikwa kwa Karatasi Tatu

Mvua imenyesha tangu alasiri, na kwa saa tatu sasa nimekaa ndani ya gari-nyumba nikiikodolea macho kona moja juu ya kitanda, ambako nimebandika kipande cha karatasi ya shashi ili nione kama kitalowa. Hakijalowa. Anayepita nje akichungulia ataniona mpumbavu wa kulinda karatasi, lakini kona hiyo ndiyo iliyonila miezi minne, na bila yake ningekuwa nimemaliza ukarabati huu kwa zile wiki tatu nilizojipangia.

Nilipolinunua, gari lilikuwa na umri wa miaka 26. Injini ilikuwa nzima, ila ndani palikuwa pamechoka: zulia la kahawia lililonuka hata baada ya kusuguliwa, vitambaa vya viti vilivyopauka kwa jua, na makabati yaliyovishwa karatasi ya kuiga mbao ambayo ilikuwa imeanza kubanduka pembezoni. Mpango wangu ulikuwa mwepesi, yaani rangi nyeupe, sakafu mpya na vitambaa vipya, basi. Nilinunua rangi kabla sijanunua hata bisibisi, jambo ambalo sasa linanichekesha.

Siku ya kwanza nilibandua karatasi ya ukutani katika kona hiyo ili nipate mahali safi pa kuanzia. Chini yake nilikuta karatasi nyingine ya maua, na chini ya maua nikakuta ya tatu, ya mistari, na zote zilikuwa na doa la maji mahali palepale, la juu likiwa pana kuliko la chini yake. Nyuma ya zote tatu plaiwudi ilikuwa imelainika kiasi kwamba kidole changu kilizama bila kulazimishwa. Nilikaa chini nikaelewa kwamba waliotangulia waliliona doa hilo, wakalifunika kwa urembo, wakaendelea na safari zao, nami nilikuwa nimesimama palepale, mkebe wa rangi mkononi, tayari kufanya kama wao.

Magari mengi ya aina hii na ya umri huu yamejengwa kwa namna inayoyafanya yaoze kimyakimya. Kuta zake zina fremu ya mbao nyembamba. Nje yamepigiliwa bati la alumini, katikati pamejazwa povu gumu la kuhami joto, na ndani pamefunikwa plaiwudi isiyozidi milimita chache. Pale paa linapokutana na ukuta, maungio huzibwa kwa gundi laini iliyokandamizwa chini ya ukanda wa alumini na safu ya skrubu. Gari linapokwenda, mwili wake hujipinda. Jua likiwaka bati hutanuka, usiku hunywea. Na baada ya miaka mingi ya mchezo huo gundi hukauka na kupasuka. Maji huingia kwenye tundu la skrubu, hufuata mbao za fremu na kutokea mbali na yalikoingilia. Wiki mbili nilitafuta tundu juu ya kona bila kuliona, hadi nilipofungua taa ndogo ya pembeni ya paa, karibu mita mbili kutoka hapo, nikakuta kitako chake kimejaa maji.

Wahenga waliposema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwa wakizungumzia magari, lakini ukuta nilioujenga mimi una upana wa mita moja na robo. Kabla ya kuujenga ilinibidi niondoe silikoni ambayo mtu fulani aliipaka juu ya ukanda wote kama anayepaka mafuta. Silikoni huonekana imeziba, kumbe haishikani vizuri na gundi kuukuu iliyo chini yake, na mabaki yake hayakubali kushikwa na kitu kingine chochote. Nilitumia siku mbili kuikwangua kwa kikwangulio cha plastiki, nikasafisha bati, nikaweka utepe wa butili, yaani mpira unaonata ambao hubaki laini kwa miaka, nikarudisha ukanda kwa skrubu mpya zisizoshika kutu. Kisha ikaja kazi ngumu kuliko zote, ambayo ni kutofanya chochote. Mbao iliyozidi asilimia 20 hivi ya unyevu ni makao mazuri ya kuvu, nayo fremu yangu ilisoma 31 kwenye kipimaunyevu. Niliiacha wazi, nikawasha feni, na kwa wiki sita nilipima kila asubuhi na kuandika namba daftarini, nikipambana na tamaa ya kufunga ukuta ili hatimaye nione kitu kinachopendeza. Nilifunga ilipofika 14.

Subira hiyo ilinipa muda wa kufikiria uzito, ambao sikuwa nimeuwaza kabisa. Kila gari lina uzito wa juu linaoruhusiwa kubeba, ulioandikwa kwenye kibao chake, na ukitoa uzito wa gari tupu, kinachobaki ndicho kinachogawanywa kati ya watu, mizigo, maji na kila ubao unaoongeza. Tangi la lita 100 likijaa ni kilo 100, hakuna mjadala. Nilikuwa nikiota vigae nyuma ya sinki na meza ya mbao nene. Nilipopima vipande kwenye mizani niliona kwamba plaiwudi ngumu ya milimita 12 ina kilo 8 hivi kwa mita ya mraba, ilhali ile ya mpopla, mti wenye mbao nyepesi, kwa unene uleule haifiki kilo 6. Tangu siku hiyo kila kilichotoka kilipimwa, na kila kilichoingia kilipimwa pia, hadi watu wa nyumbani wakaanza kuniuliza kama nimefungua duka la nafaka. Vilitoka kilo 94, vikaingia kilo 88. Vigae sikuviweka.

Kosa ambalo lingeweza kuwa baya kuliko yote nilikaribia kulifanya kwa nia njema. Chini ya jiko kulikuwa na tundu sakafuni lililofunikwa wavu, nalo lilipitisha baridi; nilikuwa nimekwisha kukata kipande cha sakafu mpya cha kulifunika. Tundu hilo lipo kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, na ikivuja hutulia chini, ikingoja cheche, isipopata mahali pa kudondokea nje. Nililiacha wazi. Mabomba ya gesi yenyewe sikuyagusa hata kidogo, nilimwachia fundi mwenye idhini, na sioni aibu kusema kwamba kujifanyia mwenyewe kuna mpaka wake.

Mengine yalikwenda vizuri. Taa za zamani za wati 10 nilizibadilisha kwa za LED zisizofika wati 2, na betri imeshukuru. Pimamaji nililirudisha sandukuni baada ya siku moja, kwa kuwa gari lililosimama kwenye udongo halijui usawa, na kuta zake zenyewe zimepinda; badala yake nilikata kigezo cha kadibodi kwa kila rafu, nikakijaribu, nikakipunguza, ndipo nikagusa mbao. Makabati niliyaosha mafuta ya miaka mingi, nikayapiga msasa mwepesi na kuyapaka praima inayoshika kwenye nyuso laini, isipokuwa mlango mmoja, ambao niliupaka rangi moja kwa moja jioni moja ya uchovu. Rangi ya mlango huo inatoka kwa kukwaruzwa na ukucha. Nitaurudia, ingawa nimekuwa nikisema hivyo kwa mwezi mzima.

Jambo moja zaidi nataka kuliandika kabla sijalala. Nilipong'oa ubao wa nyuma ya sofa nilikuta hesabu za penseli upande usioonekana: vipimo vitatu, kimoja kikiwa kimekatwa na kuandikwa upya, pamoja na mshale wa kuonyesha upande wa juu. Sijui kama ni mkono wa kiwandani au wa mmoja wa wale wenye karatasi za maua, lakini niliuonea huruma ule mstari wa kukata kosa, kwa sababu nami daftari langu limejaa mistari kama huo. Ubao huo nimeurudisha kwa skrubu nane zinazoonekana, bila gundi, ingawa ungependeza zaidi kama zingefichwa. Chini ya hesabu zile nimeandika kwa penseli, kwa herufi kubwa, mwaka wa ukarabati na maneno haya: "Waya wa pampu ya maji unapita hapa, sentimita 12 kutoka sakafuni. Usipige msumari. Ukuta wa kona ya kitanda ni mpya. Maji yalikuwa yakiingilia kwenye taa ya pembeni, anza kutafuta huko."