Nondo mwekundu wa vichakani: nilivyompata akiwa bado amelala

Kila niliyemuuliza jinsi ya kumpata nondo huyu alinipa jibu lile lile: nondo ni mdudu wa usiku, tundika shuka jeupe, washa taa, usubiri. Nikafanya hivyo mara tatu mwezi Agosti, kwenye vichaka vikavu chini ya mlima Pic Saint-Loup, kaskazini ya Montpellier, Ufaransa. Taa ya betri ilinila euro thelathini na kitu, shuka nililitoa kitandani. Walikuja wa kijivu, wa kahawia, na mmoja mkubwa kama kiganja cha mtoto aliyejigonga kwenye taa mpaka unga wa mabawa yake ukabaki kwenye kioo. Niliyemtaka, huyo mwekundu ambaye jina lake la kisayansi ni Zygaena fausta, hakuja. Usiku wa tatu nilikunja shuka saa nane, macho yanawasha, hasira zimenipanda. Ushauri ule ulikuwa na kosa tangu mwanzo: nondo huyu huruka mchana, juani. Usiku analala kama sisi.

Basi nikaacha kumtafuta yeye, nikatafuta chakula cha viwavi wake. Ni Coronilla minima, mmea mfupi unaotambaa kwenye mawe ya chokaa, majani madogo mazito ya kijani kilichofifia. Nilipoupata kwa wingi nikaweka mawe matatu kama alama. Nondo wenyewe niliwaona wakipita, lakini jua likiwa kali hawatulii. (Kiangazi, siku za hatari ya moto njia hizi hufungwa, ulizia kabla ya kutoka.)

Kesho yake saa kumi na mbili alfajiri nilikuwa pale, nimevaa sweta. Hatua chache kutoka kwenye mawe yangu, juu ya ua lililokauka, wanne wamelala wamebanana. Nilipiga magoti. Kila mmoja hafiki sentimita tatu hata akikunjua mabawa. Mabawa ya mbele meusi, madoa mekundu yaliyozungushiwa manjano, ukosi mwekundu shingoni, mkanda mwekundu tumboni. Vipapasio vimenenepa nchani kama njiti ya kiberiti. Niliisogeza simu yenye lenzi ya kubandika, ya euro kumi na kitu, karibu kabisa, na hakuna aliyetikisika.

Wekundu ule ni onyo. Nondo wa jamii hii wana linamarini mwilini, na hujitengenezea wenyewe. Ni sumu ile ile ya muhogo mchungu, ambayo bibi yangu kule Mtwara alinifundisha kuitoa kwa kuloweka na kuanika. Ndege akimtafuna, sayanidi inatoka. Nilipolijua hilo nilimpenda mara mbili.

Nilipiga picha kama arobaini. Jua lilipofika kwenye ua, wa juu kabisa alichezesha vipapasio, akakunjua mabawa ya nyuma mekundu, akaondoka. Dakika kumi baadaye ua lilikuwa tupu.