Nimeshanyanyua

Jumanne baada ya chai ya jioni nilimfanyisha Baba mazoezi kama mtaalamu wa viungo alivyotuelekeza tulipokwenda mjini Moshi. Mkono wa kushoto nikaulaza juu ya mto.

"Baba, nyanyua kidole cha shahada."

"Nimeshanyanyua."

Kidole kimelala palepale, na ule ukucha uliopasuliwa na panga la migomba.

"Hujanyanyua, Baba. Usinidanganye."

Akanyamaza. Akageukia dirisha, akautazama mlima uliojifunika mawingu.

Usinidanganye! Mtoto kumwambia baba yake neno hilo. Wiki hii Eliya kapata chuo Dodoma, ng'ombe kazaa, na mimi kichwani nina neno hilo tu.

Usiku nikafukua daftari zangu za chuo. Mwaka 1965 Wajerumani wawili, Kornhuber na Deecke, walichapisha kipimo chao cha Freiburg: waliwabandika watu waya kichwani, wakawaacha wachezeshe kidole kila mmoja kwa wakati autakao. Umeme wa ubongo ulianza kubadilika taratibu sekunde moja au zaidi kabla kidole hakijacheza. Mwaka 1980 Roland na wenzake wakapima mtiririko wa damu ubongoni. Mtu akichezesha vidole kweli, damu iliongezeka sehemu kadhaa. Akivichezesha mawazoni tu, iliongezeka sehemu moja ya juu, katikati, ile inayopanga mwendo. Mpango ulikuwa umepita wote, na vidole havijatikisika.

Hapo nikafunga daftari. Kiharusi cha Baba kilimpiga upande wa kulia wa ubongo, unaotawala mkono wa kushoto. Yawezekana kabisa kwamba Jumanne ile alipanga, akaamuru, na amri ikafia njiani. Mtu wa namna hiyo anadanganya nini?

Alhamisi nilimkuta barazani, nikapiga magoti.

"Baba, naomba radhi kwa neno la juzi."

Alinitazama muda mrefu. "Mama, mkono huu ninausikia unakwenda. Nashangaa tu ninyi hamuuoni."

Nililia, nikacheka pia, kwa sababu ameniita mama kama zamani. Sasa simwambii tena nyanyua. Namwambia, "Baba, anza kuupeleka," kisha nasubiri, hata dakika nzima, nimeshika kiganja chake chenye joto.

Ndama amekataa kunyonya tangu asubuhi. Masikio yake ya baridi, na bwana mifugo hapokei simu.