Wiki ya tatu na Linux

Jamani, leo natimiza wiki ya tatu nikiwa kwenye Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Laptop yangu ni ya zamani, haina TPM 2.0, chipu ya usalama inayotakiwa na Windows 11, na muda wa kawaida wa kuhudumiwa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kununua mpya kwa sasa siwezi.

Nikaandaa flashi yenye Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, nikaijaribu kwanza bila kugusa diski, ndipo nikaisakinisha. Kilichonifurahisha zaidi ni feni. Mashine ilizoea kuvuma kutwa. Sasa naweka kiganja kando ya kibodi napakuta pa baridi, kimya kabisa.

Printa ilinisumbua jioni nzima, sifichi. Na dada yangu mhasibu hahami: mafaili yake ya Excel yamejaa makro (amri za kufanya kazi zenyewe) za miaka mingi, na kwa kazi yake namwelewa. Shemeji anahariri video za harusi kwa Final Cut Pro, ambayo kwa upande wa kompyuta ipo kwenye Mac tu, basi naye hatubishani.

Ila mkisema Linux ni ya wataalamu peke yao, hapo nakataa. Mint imejengwa juu ya Ubuntu, toleo jingine la Linux, mradi ulioanzishwa na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, mwaka 2004, na jina Ubuntu lenyewe ni huu huu utu wetu. Mama anaangalia YouTube humu kila jioni na hajaniita hata mara moja.

Mwenye laptop ya zamani iliyolala kabatini aniambie, nitamwandalia flashi.